UKIAMUA KUACHA POMBE: MAMBO UTAKAYOKUTANA NAYO KATIKA MATIBABU

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa afya ya akili kwa wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako asiyejua kusoma.)



 

Nimeombwa niseme juu ya matibabu ya ulevi. Sikuja kuwahubiria kwamba pombe ni mbaya. Hilo mmekwisha kulisikia kanisani, msikitini na katika mikutano ya kijiji, na yule ambaye pombe imemshika analijua kuliko sisi sote. Nimekuja kueleza jambo ambalo halielezwi mara nyingi. Mtu akiamua kuacha, ni nini hasa kitamtokea? Atapelekwa wapi? Atapewa nini? Atakaa siku ngapi? Atarudi akiwa mtu wa namna gani?

Nasema hivyo kwa sababu bombani na kwenye foleni ya mgao husikika maneno mengi. Wengine husema ukienda hospitali kwa ajili ya pombe utafungiwa usitoke tena. Wengine husema utachomwa sindano ya kukufanya mjinga. Wengine husema jina lako litafutwa katika orodha ya wakimbizi. Kwa sababu ya maneno hayo, mtu mwenye nia njema ya kuacha hubaki nyumbani, akajaribu peke yake kwa siri. Na hapo baadhi hupoteza maisha, si kwa kunywa, bali kwa kuacha vibaya. Hilo ndilo neno langu kubwa la leo: pombe inaachika, lakini aliyezoea sana asiiache peke yake.

1. NANI ANAHITAJI MATIBABU?

Si kila anayekunywa ni mgonjwa. Kule tulikotoka kulikuwa na kasiksi Kivu, na lutuku Katanga, na urwarwa na impeke Burundi. Watu walikunywa kwenye harusi, kwenye matanga na baada ya mavuno, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Hapa Uganda tumekuta tonto na waragi. Lakini ukimbizini mambo hubadilika. Kazi ni haba, siku ni ndefu, na usiku mambo ya vita hurudi kichwani. Mtu huanza kunywa ili apate usingizi. Baadaye hawezi kulala bila kunywa. Mwishowe hawezi hata kuamka bila kunywa.

Jiulize maswali haya sita, na ujijibu kwa kweli, maana hakuna anayekusikia:

(a) Je, unashikwa na hamu kali ya pombe, hata unaposhughulika na mambo mengine?
(b) Je, unakusudia kunywa kidogo, ukajikuta umekunywa mpaka fedha imekwisha?
(c) Je, asubuhi mikono inatetemeka, jasho linatoka au kichefuchefu kinakushika, na ukinywa unapata nafuu?
(d) Je, kipimo kilichokulevya zamani sasa hakikutoshi?
(e) Je, umeacha shamba, biashara, ibada au watoto kwa sababu ya kunywa au ya kutafuta pombe?
(f) Je, unajua kwamba pombe inakudhuru, na bado unaendelea?

Mtu ambaye katika mwaka uliopita amekuwa na mambo matatu au zaidi kati ya hayo sita kwa pamoja, madaktari husema amekuwa mtegemezi wa pombe. Huo ni ugonjwa. Si uvivu, wala si uchawi wa jirani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR walitoa mwongozo kwa wahudumu wa afya wanaofanya kazi mahali penye vita na wakimbizi, na ulevi umo ndani yake pamoja na kifafa na magonjwa ya akili. Kwa hiyo unapoingia kituo cha afya kwa ajili ya pombe, humwombi mtu fadhila. Unakwenda na ugonjwa kama anavyokwenda mwenye malaria.

Hapa nina neno kwa akina mama. Wako wanaopika pombe ili wapate karo ya watoto. Sikuja kuwashitaki. Lakini anayepika huonja, na anayeonja kila siku huweza kushikwa bila kutambua. Tena mwanamke anayekunywa huchekwa kuliko mwanamume, na kwa aibu hiyo huficha mpaka ugonjwa uwe mkubwa. Mama, matibabu haya ni yako pia.

2. USIACHE GHAFLA UKIWA PEKE YAKO

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ikiingia kila siku kwa miezi na miaka, ubongo nao hujikaza ili kushindana nayo. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu upande wake. Mlango umesimama. Mmoja akiondoka ghafla, mwenzake huanguka na mlango. Ndivyo inavyokuwa pombe inapokatwa kwa siku moja. Ubongo uliokuwa unasukumana nayo hubaki na nguvu zote, na mwili huvurugika. Vijana wa mijini huita hali hiyo arosto.

Mambo hufuatana hivi:

Saa 6 hadi 24 baada ya kunywa mara ya mwisho: mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, wasiwasi, kukosa usingizi. Wengi huishia hapo, na baada ya siku chache hupata nafuu.

Siku ya kwanza na ya pili: wengine huanguka kifafa, hata kama hawajawahi kuanguka maishani.

Siku ya pili hadi ya nne: wachache huweweseka. Mtu hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anasikia sauti, anapigana na watu wasiokuwapo, mwili ni moto na umelowa jasho. Hapo majirani husema amerogwa au ameingiwa na pepo. Sivyo. Ni ubongo uliokosa pombe ghafla, na bila matibabu hali hiyo huweza kuua.

Walio katika hatari zaidi ni hawa: anayekunywa kila siku tangu asubuhi, aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipojaribu kuacha, mzee, mwenye ugonjwa mwingine, na asiyekula vizuri. Mama mjamzito anayekunywa kila siku naye asiache bila mwuguzi au daktari, kwa usalama wake na wa mtoto. Kama wewe ni mmoja wao, nenda kituo cha afya kwanza, ndipo uache. Kama huwezi kufika leo, usikate mara moja. Punguza kidogo kidogo, kula, kunywa maji, na ufike mapema uwezavyo.

Neno kwa viongozi wa dini na jamaa. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, na waumini wanaomtembelea humpa nguvu. Lakini kumfungia mlevi chumbani siku tatu bila chakula, au kumfunga kamba mpaka atulie, ni kumweka katika zile siku nne za hatari bila dawa wala maji. Mchungaji mwenye busara humsindikiza mtu wake hospitali, na huko huko humwombea.

3. SIKU YA KWANZA KITUONI

Usiogope kufika ukiwa umekunywa. Ni bora uje hivyo kuliko usije. Njoo na mtu mmoja unayemwamini, na karatasi zako za hospitali kama unazo, na dawa zozote unazotumia.

Utaulizwa maswali mengi, na hayakuulizwa ili kukuaibisha. Unakunywa nini, na kiasi gani kwa siku? Ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi? Umewahi kuacha, na ikawaje? Umewahi kuanguka kifafa? Unatumia kitu kingine kama bangi, mairungi au vidonge vya usingizi? Una kifua kikuu, kisukari, ujauzito? Unatumia dawa za virusi vya ukimwi? Umewahi kuwaza kujiua? Kila jibu hubadilisha dawa utakayopewa. Ukisema chupa moja na kweli ni nne, dawa itakuwa haba na kifafa kitakukuta. Hapo utakuwa umejidanganya wewe.

Kama unatumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya ukimwi, usiziache kwa sababu ya pombe, wala usifiche kwamba unazitumia. Baadhi ya dawa za kifua kikuu zikikutana na pombe huumiza ini, na ndiyo sababu mwuguzi anataka kujua.

Kama hujui lugha ya mwuguzi, omba mkalimani. Na kama mkalimani huyo ni jirani yako, au mtu wa upande uliokukimbiza, una haki ya kusema: "Naomba mwingine." Usinyamaze, kwa maana huwezi kusema kweli mbele ya mtu unayemwogopa. Mwanamke anaweza kuomba mkalimani mwanamke.

Baada ya maswali utapimwa. Wataangalia joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, macho na ini. Pengine watatoa damu. Kisha wataamua kama utatibiwa ukiwa nyumbani au utalazwa.

4. WIKI YA KWANZA: MWILI KUTOKWA NA POMBE

Mwenye hali nyepesi, mwenye jamaa wa kumwangalia, anaweza kutibiwa nyumbani, akifika kituoni kila siku au akitembelewa. Mwenye dalili za hatari atalazwa. Kama kituo hakiwezi, atapewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Hospitali ya rufaa ya Mbarara ina wodi ya magonjwa ya akili. Kwa wenye shida nzito zaidi iko Butabika, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, Kampala, yenye sehemu yake maalum ya ulevi wa pombe na madawa.

Usishtuke ukisikia neno "wodi ya magonjwa ya akili". Unapelekwa huko kwa sababu wauguzi wake wanaujua ugonjwa huu. Utakuta wagonjwa wa namna mbalimbali, na pengine mlango wa wodi hufungwa. Hilo ni kwa usalama wa wote. Uliza tangu mwanzo: nitakaa siku ngapi, jamaa wataniona lini, na nikitaka kutoka nifanye nini? Ni haki yako kujibiwa.

Ujue pia kwamba katika hospitali nyingi za Uganda mgonjwa huja na mtu wa kumwangalia, wa kumpikia na kumfulia. Tafuteni mapema nani atakwenda. Chukueni sufuria, sahani, sabuni, blanketi na nguo za kubadili.

Dawa utakazopewa ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kutuliza ubongo ili usitetemeke wala usianguke kifafa, na mara nyingi ni daizepamu. Siku ya kwanza hupewa nyingi zaidi, kisha hupunguzwa kila siku, na baada ya siku 3 hadi 7 humalizika. Wengi huuliza, "Mbona wameniachisha dawa wakati bado sijapata usingizi vizuri?" Ni kwa sababu dawa hiyo nayo huzoeleka. Ukiendelea nayo utatoka kwenye pombe uingie kwenye vidonge. Usiinunue dukani ukajitibu, na usiichanganye na pombe hata kidogo, maana viwili hivyo pamoja huweza kusimamisha pumzi ukiwa usingizini.

Dawa ya pili ni vitamini B1. Walevi wengi hukosa vitamini hiyo kwa kutokula, na ikikosekana sana mtu hupoteza kumbukumbu, macho huenda upande na miguu huyumba hata akiwa hajanywa. Madhara hayo mengine hayarudi nyuma. Ndiyo maana utapewa mapema, kwa sindano au vidonge. Usiidharau kwa kuwa ni "vitamini tu". Hakuna sindano ya kukufanya mjinga. Inayoharibu akili ni ile hali ya kukosa vitamini.

Katika siku hizo utakuwa mkali, utalia bila sababu, utadai kwenda nyumbani, utasema waliokuleta ni adui zako. Jamaa, msishike maneno hayo. Mpeni maji na uji mara kwa mara, punguzeni kelele na wageni, na usiku asiachwe peke yake. Mkimwona ameanguka kifafa, anaona vitu visivyokuwapo, ana homa kali, anatapika damu au hajui yuko wapi, msingoje asubuhi. Mpelekeni.

Baada ya wiki moja hivi utaamka siku moja mikono imetulia, na utasikia njaa. Utasema, "Nimepona, nipeni nguo zangu." Hapo ndipo wengi hukosea. Umemaliza sehemu fupi. Pombe imetoka mwilini, lakini sababu zilizokufanya unywe zinakungojea nje ya mlango.

5. WIKI ZINAZOFUATA: MAZUNGUMZO

Sehemu ya pili haina dawa nyingi. Kazi yake kubwa ni kuzungumza. Watu wetu hushangaa: "Nimekuja kutibiwa, mbona wananizungumzisha?" Sababu ni hii. Mkono haukunywa wenyewe. Ulinyanyua chupa kwa sababu ya jambo fulani, saa fulani, ukiwa na watu fulani. Mshauri atakusaidia kuyatafuta mambo hayo moja moja. Je, ni ukiwa na njaa? Ukiwa na fedha? Ukigombana na mke? Mvua ikinyesha ukakumbuka siku ya kukimbia?

Utafundishwa kwamba hamu ya pombe ni kama wimbi. Hupanda, ikafika juu, kisha hushuka, hata kama hukunywa. Kazi yako ni kupita dakika hizo ngumu. Ondoka mahali hapo, kula kitu, kunywa maji, tafuta mtu wa kuzungumza naye, shika jembe. Kila mara unapoipita, ya kesho inakuwa na nguvu kidogo kupungua.

Pengine utaketi katika kikundi cha wenzako. Zipo pia jamii za walevi wanaosaidiana wenyewe, kwa mfano ile iliyoanzia Marekani mwaka 1935, ambayo sasa ina vikundi katika nchi nyingi. Humo hakuna daktari wala ada. Mmoja husimama akasema habari zake, wengine husikiliza. Hulazimishwi kusema siku ya kwanza. Na yanayosemwa humo hayatoki nje.

Jambo moja nataka mlijue mapema. Pombe ikiondoka, yale mliyokuwa mnayazamisha yanaweza kuelea. Ndoto za vita, nyuso za waliokufa, mambo yaliyotendwa kwa mwili wako. Wengine hudhani matibabu yamewaharibu. Hapana. Vidonda vilikuwapo, pombe ilivifunika tu. Mwambie mshauri. Kwa ndoto hizo na huzuni hiyo kuna msaada mwingine, na huhitaji kusimulia yote mara moja. Kama mawazo ya kujiua yanakujia, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usiku hata mchana.

Vituo vya kulala kwa wiki nyingi vina sheria zao: kuamka mapema, kufagia, kupika kwa zamu, kukabidhi simu, kutotoka bila ruhusa. Vya watu binafsi hulipisha. Kabla ya kuuza mbuzi wa familia, uliza bei yote kwa maandishi, uliza kama kuna mwuguzi au daktari, na uone wagonjwa wanavyotendewa. Mahali panapopiga watu au kuwafunga minyororo si hospitali. Wala usidhani asiyekaa katika kituo cha namna hiyo hawezi kupona. Wako wanaoacha wakitibiwa karibu na nyumbani, wakirudi kila wiki kuonana na mshauri.

6. KURUDI NYUMBANI: SEHEMU NDEFU KULIKO ZOTE

Utarudi ukute njia ni ile ile, jirani anapika waragi kama zamani, na marafiki wanakuita. Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali, kaa na jamaa wako mpange mambo matano:

Kwanza, siku ya mgao wa fedha. Hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote. Kubalianeni nani atashika fedha, na chakula kinunuliwe kwanza.

Pili, njia. Kama njia ya kwenda bombani inapita kwenye pombe, tafuta nyingine, hata kama ni ndefu.

Tatu, jioni. Saa ulizokuwa unakunywa ziwe na kazi: bustani, kwaya, masomo ya usiku, mpira, kusaidia watoto kusoma.

Nne, mtu. Chagua mtu mmoja utakayemwamsha hata usiku wa manane hamu ikikushika.

Tano, nyumba inayopika pombe. Hili ni gumu, maana pombe ni chakula cha watoto. Lakini mgonjwa aliyetoka hospitali kulala kando ya pipa ni kama mwenye kidonda kulala juu ya miiba. Zungumzeni na mshauri wa jamii juu ya biashara nyingine, na hata kabla haijapatikana, pipa litoke kwanza nyumbani.

Na ukiteleza? Wengi huteleza, wengine mara mbili au tatu, kabla ya kusimama. Kuteleza si kurudi mwanzo, maana uliyojifunza hayajafutwa. Ila kuna hatari mbili. Mwili uliokaa bila pombe hauwezi tena kipimo cha zamani, na ukinywa kama ulivyozoea unaweza kupoteza fahamu. Na aibu itakuambia, "Kwa kuwa umeanguka, kunywa basi mpaka mwisho." Usiisikilize. Rudi kituoni kesho yake. Mwuguzi mwema hatakufukuza.

Jamaa na majirani, nanyi mna kazi. Msimwite tena kwa jina la kilevi. Msimjaribu kwa kumwekea chupa mezani ili muone. Msihesabu makosa yake ya zamani kila siku. Uaminifu hurudi polepole, kama mtu anayepata nafuu baada ya kuvunjika mguu.

7. MASWALI YALIYOULIZWA

Je, nikitibiwa nitafutwa katika orodha ya wakimbizi?
Hapana. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 zinataja sababu za mtu kukosa au kupoteza hadhi ya ukimbizi. Ugonjwa si mojawapo.

Na mgao wangu nikiwa nimelazwa?
Kabla ya kuondoka, mweleze mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya ugawaji, uulize ni nani anaweza kupokea kwa niaba yako na kwa utaratibu gani. Tunza barua ya rufaa na karatasi ya hospitali. Kama kuna siku ya uhakiki wakati haupo, karatasi hiyo ndiyo itakayoeleza.

Je, habari zangu zitasemwa kwa watu?
Habari za mgonjwa ni siri. Mhudumu wa afya haruhusiwi kuzitangaza. Zipo nafasi chache ambapo ni lazima aseme, kwa mfano maisha yako au ya mtoto yakiwa hatarini. Mwulize mwanzoni akueleze.

Nasubiri kupelekwa nchi nyingine. Matibabu hayatanizuia?
Hapa sitawaficha. Nchi zinazopokea wakimbizi huwapima afya, na daktari huuliza habari za pombe. Kwa mfano, katika miongozo ya Marekani, linaloweza kumzuia mtu ni ulevi wa sasa unaoandamana na vitendo vya hatari, kama kupiga watu au kuendesha gari akiwa mlevi. Aliyekaa miezi 12 bila kurudia hutazamwa kuwa ametulia. Kwa hiyo kinachodhuru safari ni kuendelea kunywa, si kutibiwa. Safari zenyewe hutegemea mambo mengine mengi. Marekani, kwa mfano, ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Usiahirishe matibabu kwa kungoja safari.

Mume wangu anakataa kabisa. Nifanyeje?
Usigombane naye akiwa amelewa. Ngoja asubuhi, umwambie mambo mawili uliyoyaona, bila matusi. Wewe mwenyewe unaweza kuja kwa mshauri hata kama yeye hataki. Na kama anakupiga wewe au watoto, hilo ni jambo la kulindwa, si la kuvumilia. Tafuta msaada leo, usingoje aache pombe.

Je, pombe inaachika kweli?
Inaachika. Si kwa siku moja, wala si kwa kila mtu mara ya kwanza. Lakini wapo waliorudi kulima na kulea watoto wao.

KUMBUKA

- Anayekunywa kila siku tangu asubuhi asiache ghafla peke yake. Afike kituo cha afya kwanza.
- Siku nne za mwanzo ndizo za hatari. Kifafa, kuweweseka na homa ni alama za kukimbilia hospitali.
- Sema kweli juu ya kiasi unachokunywa.
- Dawa ya kutuliza ni ya siku chache, na haichanganywi na pombe.
- Mwili kutulia ni mwanzo. Mazungumzo na mpango wa nyumbani ndivyo vinavyoshikilia.
- Ukiteleza, rudi.

Kama umesikiliza au umesoma haya ukimfikiria mtu fulani, usimpe karatasi hii kama hati ya mashtaka. Kaa naye asubuhi, mwambie utamsindikiza. Wengi waliofika kituoni hawakufika peke yao. Kulikuwa na mtu mmoja aliyetembea nao njiani.